Daktari wa ngozi kwa simu ni sawa, lakini si kwa kila kitu

Mhariri,

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Nyalenda, Kisumu, na hii mambo ya daktari wa ngozi kwa simu kusema ukweli imenisaidia. Kijana wangu alikuwa na chunusi mbaya, tukapiga picha nje kwa mwanga wa jua tukatuma, akaandikiwa dawa bila nauli bila kupanga laini asubuhi yote. Chunusi, choa, ama ugonjwa wa ngozi daktari ashaujua na unataka tu kuongezewa dawa, hapo simu inatosha.

Lakini doa jeusi kwa nyayo ama chini ya kucha na linazidi kukua, ama kidonda kimekataa kupona, tafadhali enda uonwe, wakate kinyama kidogo wapeleke maabara, kwa sababu melanoma, ile saratani ya ngozi, kwa sisi watu weusi hupenda kutokea huko huko miguuni na mtu anadhani alijikwaa tu. Hiyo picha haiwezi kuamua.

Na msijipake krimu za steroidi, zile za kutuliza mwasho na uvimbe, za kununua ovyo kabla ya kutuma picha, choa inabadilika sura daktari anashindwa kuitambua, huku inaendelea kuenea.

Mama wa watoto watatu,
Nyalenda, Kisumu