Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya, hasa kwa waliochoka

Ndugu zangu, majirani, wanakikoba wenzangu na nyote mtakaofikiwa na ujumbe huu, heri ya Krismasi na baraka za Mwaka Mpya. Wenzetu Waislamu tunaokula nanyi pilau la sikukuu kila mwaka, salamu hizi ni zenu pia, maana pilika za Desemba hazichagui dini.

Mwaka huu naomba mnivumilie, salamu zitakuwa ndefu kidogo. Nawafikiria watu ambao sikukuu imewakuta wameelemewa: usingizi haupo, simu ikilia moyo unadunda, na kila mtu anauliza, "Vipi, sikukuu mnaifanyia wapi?"

Mimi ni mwekahazina wa kikoba, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, na Desemba naiona kwa mlango huo. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zake wanazo watu watatu tofauti, kwa hiyo siku ya kuvunja kikoba, tunapogawana akiba ya mwaka, linafunguliwa mbele ya wanachama wote. Pesa zinahesabiwa mezani, kila mtu anasomewa hisa zake, madeni yanakatwa, anapokea gawio na kusaini. Ni siku ya vigelegele, keki na sare za kitenge. Lakini ukikaa pale mezani ukawatazama watu usoni, unaona na mengine. Safari hii mama mmoja alipokea bahasha yake, akarudi kwenye kiti chake cha plastiki, akaanza kuhesabu kwa vidole huku midomo ikicheza bila sauti. Ada. Sare. Nauli ya watu wanne. Mchango wa harusi ya mtoto wa wifi yake. Bati za kwa mama mkwe. Vidole vya mkono mmoja viliisha akahamia wa pili, na bahasha ilikuwa bado haijafunguliwa.

Ukiyapanga mambo ya mwezi huu unaelewa kwa nini watu wanachoka namna hii. Kamati za harusi zinadai ahadi zao. Maofisini watu wanafunga hesabu za mwaka, na wafanyabiashara wengi wana awamu ya mwisho ya kodi ya makadirio inayoishia Desemba 31. Mtoto aliyechaguliwa kidato cha kwanza anakuja na fomu ya kujiunga. Elimu bila ada, iliyoanza 2016, imetupunguzia mengi na tunashukuru, lakini fomu bado inataka godoro, mashuka, ndoo, jembe, fyekeo, viatu vyeusi na madaftari. Kisha mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka mapema ili watu wale sikukuu, na ukishatoka mapema, safari ya kuufikia wa Januari inakuwa ndefu. Ndiyo maana Januari tunaiita mwezi dume.

Na hapo bado hatujasafiri. Sisi wenye asili ya Kilimanjaro tunajulikana kwa hili: ikifika katikati ya Desemba, kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis kinajaa masanduku, mabegi na watoto waliobebwa wakiwa usingizini. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, hadi Moshi, zaidi ya kilometa 500. Naipenda safari hiyo kwa moyo wote. Kupanda mlimani, kukaa na wazee, kikao cha ukoo chini ya migomba, mtori wa asubuhi, ndafu ikikatwa, watoto wa mjini kuonyeshwa makaburi ya babu zao: haya ni mambo ya thamani na sitaki yafe. Kinachoniumiza ni ile hofu ya kuonekana umerudi mkono mtupu. Kuna watu wanaingia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili tu wakifika kijijini wanunulie watu vinywaji na kuegesha gari la kukodi. Hilo silikubali hata kidogo. Riba ile inamkuta mtu Januari, wakati mtoto anasubiri viatu, na waliokunywa wameshasahau.

Jambo ninalotaka tusaidiane mwaka huu ni moja: tuambiane ukweli mapema. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, dereva wa bodaboda mwenye mke na watoto, alikaa muda mrefu akikwepa simu za mama yake. Alikonda, akawa mkali nyumbani kwa vitu vidogo. Mkewe akamwambia piga simu leo, mimi nipo hapa. Akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mnakuja lini? Maana mko kimya."

"Mama, mwaka huu Krismasi hatutaweza. Nauli imepanda na mtoto anaingia kidato cha kwanza. Tutajitahidi Pasaka."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Sasa ndiyo ulikuwa unaogopa kuniambia? Mimi hapa silali, nawaza huyo mbuzi wa kuwachinjia nitamtoa wapi."

Watu wawili wanaopendana, kila mmoja anakosa usingizi kwa ajili ya mwenzake, na simu ya dakika tatu ikawapa wote nafuu. Shangazi zangu, baba zangu wadogo na wakubwa mnaosoma hapa, nawaomba na ninyi mwanze. Msisubiri watoto wa mjini waseme hawana. Pigeni ninyi, mwaambie njooni kama mlivyo, na msipoweza tutaongea kwa simu. Neno hilo likitoka kwa mkubwa lina uzito ambao sisi wadogo hatuna. Na kwenye kikao cha ukoo, tafadhali, maswali ya "unaoa lini" na "mtoto wa pili yuko wapi" tuyaweke kando. Kuna binti anaahirisha safari kila mwaka kwa sababu ya maswali hayo tu.

Kwa anayesema "mimi ni uchovu wa kawaida": msongo wa mawazo unakaa mwilini. Kichwa kinauma, shingo inakaza, tumbo linachafuka, presha inapanda, unawafokea watoto kisha unajuta. Pombe haisaidii kama tunavyodhani. Inakupa usingizi haraka, halafu usiku wa manane inakuamsha, na asubuhi una uchovu uleule na pesa imepungua. Pumzika kweli. Chagua jioni moja simu izimwe, ule na watu wako, ulale mapema. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, au unaanza kuwaza kuwa ni afadhali usingekuwepo, usijifungie. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, na muende pamoja hospitali. Hospitali zetu za rufaa zina wataalamu wa afya ya akili, na kuwaona si aibu.

Madereva wa mabasi, ninyi nawaombea kipekee. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, mwaka 2023, abiria tunalala na ninyi mnabeba roho zetu. Ukisikia macho mazito, mpe mwenzako usukani. Abiria nasi tuache kumsukuma dereva kwa kelele za "tunachelewa".

Kwenu ambao hii ni Krismasi ya kwanza bila baba, bila mama, bila mtoto: hamlazimiki kuchangamka. Kama kupika mwaka huu ni kuzito, msipike, sisi majirani tutaleta sahani. Wauguzi wa zamu ya usiku, walinzi mtakaokuwa getini sikukuu yote, mafundi umeme, askari, na dada zetu wa kazi ambao hawakupata ruhusa ya kwenda kwao, Mungu awalipe. Mabosi wa hao dada, bado kuna muda wa kuwapa nauli.

Wanakikoba wangu, kikao cha kwanza ni Jumamosi ya pili ya Januari, hisa zinaanza upya, mje na vitabu vyenu. Ambaye Januari imembana asikae nyumbani kwa aibu, mfuko wa jamii wa kikoba chetu upo kwa kazi hiyo. Krismasi njema, na tuuone mwaka mpya tukiwa wazima.