Jenereta lisilazwe ndani ya tela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wote wanaogeuza matela ya mizigo kuwa vyumba vya kulala safarini, na zaidi mafundi wenzangu wanaowatengenezea. Jenereta la petroli lisiwashwe ndani ya tela. Si chini ya kitanda, si ndani ya kabati lililotobolewa matundu, si hata usiku mmoja kwa sababu nje kunanyesha.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Uyole, Mbeya. Hivi karibuni nililetewa tela lililokuwa likibeba mbao. Mwenyewe, baba wa watoto wawili, alilalamika kwamba jenereta halina nguvu: akichomeka birika, linazima. Kazi ya seremala ilikuwa safi kabisa, vitanda vya kukunja, sinki, hata rafu ya vyombo. Lakini jenereta lilikuwa ndani ya sanduku la plaiwudi chini ya kitanda cha nyuma, na moshi ulitolewa kupitia sakafuni kwa mpira uliokazwa na waya. Nilipoinua godoro nilikuta upande wa chini umeingia weusi. Nikapitisha kidole kwenye maungio ya plaiwudi, kikatoka na masizi. Pale mpira unapokutana na bomba la moshi ulikuwa umeyeyuka, ukaacha mwanya ambao penseli ingepita.

Nikamuuliza kama wamewahi kuumwa vichwa humo ndani. Akasema ndiyo, walipolala Kitulo, kule milimani. Mkewe alitapika alfajiri, watoto wakaamka wamelegea, wakadhani ni baridi na mwinuko. Walipotoka nje na kukaa juani wakapata nafuu. Mhariri, hiyo nafuu ya nje ndiyo iliyonitia hofu.

Ile ni kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi, ambayo kila mtu huku kwetu amesikia habari zake. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndiyo maana mtu aliyelala haamki kujitetea. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea: dalili hizo tunazipa jina la malaria au uchovu wa safari, tunameza dawa na kurudi kulala palepale.

Milimani hatari huongezeka. Injini ya petroli, hata kabureta yake (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ikirekebishwa, hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko; isiporekebishwa hupoteza zaidi. Kitulo ni kama mita 2,600, kwa hiyo jenereta la wati 2,000 hubaki na wati 1,400 hivi au pungufu, na birika lake halitachemka. Hewa ikiwa nyepesi huku petroli ikiingia kwa kipimo kilekile, mafuta hayaungui yote. Moshi unakuwa mweusi na gesi hiyo inazidi. Na huko ndiko baridi inakotufanya tufunge kila dirisha. Hata ukiyafungua haisaidii vya kutosha, maana upepo hurudisha moshi ndani.

Wataalamu wa usalama wa bidhaa Marekani wanashauri jenereta likae angalau futi 20, yaani mita 6, kutoka mahali watu walipo, bomba la moshi likielekea upande mwingine. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 10 unatosha kwa kazi hiyo. Petroli ya akiba nayo isilale ndani.

Najua jibu ninalopewa kila mara: likikaa nje usiku litaibwa. Basi lisifanye kazi usiku. Liwashwe jioni watu wakiwa macho, lijaze betri, lizimwe, lipoe, kisha lifungiwe kwenye sanduku la chuma mbele ya tela, juu ya mkono wa kuvutia. Betri moja ya lithiamu ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina zaidi ya wati-saa 1,200. Taa, simu na friji ndogo ya volti 12 zitakesha nayo bila wasiwasi. Mwenye uwezo aongeze paneli ya sola juu ya paa, na kila tela liwe na king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vitanda.

Mafundi wenzangu, mteja akitaka jenereta chini ya kitanda, mkatalieni, hata akiongeza hela. Nawe Mhariri, mnapochapa picha za matela haya mazuri, waulizeni wenyewe jenereta linakaa wapi, mliandike na jibu lao. Kulihamisha jenereta nje, kwa fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea, ni kazi ya nusu siku.

Fundi umeme wa magari,
Uyole, Mbeya