Barua ya Wazi kwa Waziri wa Wanyamapori: Anayeleta Habari za Mitego Si Mshukiwa

Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,

Nakuandikia kuhusu wazee waliowahi kuwinda na jinsi wanavyopokelewa na askari wa wanyamapori. Siombi uwindaji urudishwe. Nalitanguliza hilo ili msaidizi wako asiitie barua hii kapuni kabla ya kufika aya ya pili. Ombi langu ni dogo: mtu anayelijua pori akija ofisini na habari, apokelewe kama shahidi.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki karibu na stendi ya mabasi ya Machakos Kantri Basi hapa Nairobi. Mjomba wangu akija kutoka Ukambani kwa kliniki ya macho hushinda dukani kwangu, na wenzake wachache waliobaki humfuata hapo kwa chai na porojo. Walikuwa wafuata nyayo na wabeba bunduki. Wale wageni unaowaona kwenye picha za zamani wakiwa wamekanyaga nyati hawakumpata nyati huyo kwa macho yao wenyewe. Mbele yao alikuwepo Mkamba, au mtu wa jamii za wawindaji kama Mwaata au Mndorobo, aliyeinama kutazama majani yaliyolala upande gani. Chama cha wawindaji wa kulipwa kiliundwa katika hoteli ya Norfolk mwaka 1934 na kikavunjwa 1977. Majina ya wanachama yamehifadhiwa vizuri. Ya hawa wazee utayapata kwangu, kwenye daftari la madeni ya chai.

Wanaposimulia habari za maofisa wa zamani, hawasemi walikuwa malaika. Wanasema kulikuwa na utaratibu uliojulikana. Mwindaji alinunua leseni, akapangiwa eneo lake la kuwindia, akalipia kila mnyama, na sehemu ya ada ikaenda kwa baraza la wilaya. Ofisa akikukuta porini alijua aulize karatasi gani, nawe ulijua uonyeshe ipi. Kulikuwa na wakali na kulikuwa na wala rushwa, lakini mzozo ulikuwa juu ya karatasi, haukuwa juu ya sura ya mtu.

Tarehe 20 Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji, na kazi yao ikaisha siku hiyo hiyo. Sibishani na uamuzi huo. Ndovu walikuwa wakiisha, na hata baada ya marufuku waliendelea kuisha, hadi kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000 nchi nzima. Sensa ya 2021 ilihesabu 36,280, na hiyo ni kazi ya kujivunia, kazi ambayo askari wako wengine wameilipia kwa maisha yao. Ninachouliza ni nani aliyewamaliza wale wa kwanza. Waliomaliza ndovu miaka ile walikuwa na bunduki za rashasha, malori, na wanunuzi wenye marafiki serikalini. Mzee mwenye upinde alikuwa mdogo sana katika biashara ile, lakini ndiye aliyekuwa rahisi kukamatwa.

Hata huko Tsavo, mbuga iliyotangazwa mwaka 1948, mambo yalianza hivyo. Mwaka 1956 na 1957 Wawaata walisakwa kijiji kwa kijiji na wengi wakafungwa. Walikuwa wakiwinda ndovu kwa mishale iliyopakwa sumu ya msunguti, na waliowasaka walikiri kwamba hawajaona wafuata nyayo kama wale. Mwaka 1960 serikali ya mkoloni ikaanzisha mpango kule Galana, jirani na Tsavo, ili wawinde kwa ruhusa. Haukudumu. Ila angalau kuna mtu ofisini aliyewaza kwamba ujuzi ule una thamani.

Sasa nikueleze mambo mawili ya miaka ya karibuni. Sitataja kituo wala kaunti.

Mjomba akikaa dukani huchukua waya wa klachi kutoka kwenye rafu yangu na kuupinda kitanzi. Kitanzi cha ukubwa wa ngumi, shubiri moja kutoka ardhini, ni cha sungura au digidigi. Ukikipandisha hadi usawa wa goti, mtegaji anamtaka swara. Waya ukiwa mweusi, umechomwa motoni ili usimetemete na harufu ya mikono iishe; huyo ni mzoefu. Na ukikuta ua mrefu wa miiba uliokatwa na kulazwa, ukiwa na mianya, na kila mwanya una waya, basi huyo hatafuti kitoweo cha watoto. Ana pikipiki, ana mnunuzi, na nyama inaweza kuishia katika jiji hili hili ikiuzwa kama ya mbuzi. (Ndiyo, waya wenyewe huenda ni ule ninaouza mimi. Mteja wa breki hana alama usoni.)

Siku moja mjomba alikuta ua wa namna hiyo. Akategua nyaya, akazitia kwenye gunia na kuzipeleka ofisini. Alikalishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua linaelekea kutua, kitambulisho chake kikiwa mezani kwa kijana wa umri wa mjukuu wake. Swali lilikuwa moja, likirudiwa: "Wewe mzee, ulijuaje ziko pale?" Jibu lake, kwamba aliona mbuzi wakiukwepa mkondo wanaoupita kila siku, lilichukuliwa kuwa ujanja. Wakamwachilia kwa onyo. Gunia likabaki. Hakuna aliyekwenda kuuona ule ua.

Tangu siku hiyo akikuta mtego huutegua, huufukia na kunyamaza. Hicho ndicho unachopoteza, Mheshimiwa. Hutakiona kwenye ripoti yoyote, kwa sababu habari isiyoletwa haiandikwi.

La pili ni zuri, na linanifanya niamini barua hii si ya bure. Katika sehemu nyingine kulikuwa na sajini, mama wa makamo, aliyesikia kwa chifu kwamba kuna mzee anayejua mitego. Alimwendea nyumbani. Alipewa kigoda akaketi, akauliza habari za mbuzi na mvua, akanywa uji aliopewa. Kisha akasema, "Mzee wangu, nionyeshe unavyoona wewe." Wakatembea. Mjomba mbele, yeye nyuma na daftari. Alipoambiwa kwamba aliyepita hapa amebeba mzigo kwa sababu kisigino kimezama kuliko kidole, alipiga magoti akapima mwenyewe kwa kidole chake. Baadaye akapiga simu. Alisema watu wawili wameshikwa na nyama, na akamshukuru kwa jina.

Simu ile mjomba huisimulia kuliko nyati wote aliowahi kuwafuata.

Kisha sajini akapata uhamisho, na daftari likaondoka naye. Aliyekuja baada yake hakuwa mtu mbaya. Hakuambiwa tu kwamba mzee yule yupo. Ndiyo maana nasema tatizo si askari wema na askari wabaya, wa aina zote wapo kila mahali, hata hapa sokoni kwetu. Wema wa sajini ulikuwa mali yake binafsi. Ofisi haikubaki na kitu.

Nawaelewa askari pia. Wamedanganywa mara nyingi. Kuna anayekuja kumchongea jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba, na kuna anayetoa habari ya mtego wa mwenzake ili wake usalimike. Hata miongoni mwa wazee wangu kuna mmoja ambaye digidigi akitajwa hucheka kidogo kupita kiasi. Kuhoji ni haki yao. Lakini mtu huhojiwa baada ya kusikilizwa, na kwenda kutazama ua wa miiba hakugharimu zaidi ya mafuta ya pikipiki.

Sheria yenyewe inajua kupambanua. Ile ya wanyamapori ya 2013 imeweka kifungu chake kwa anayewinda ili ale: faini isiyopungua Sh30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Mfanyabiashara wa nyama pori ana kifungu kingine. Anayeua mnyama aliye hatarini kutoweka yuko mbali zaidi; sheria ilipotungwa, adhabu yake ilifika hadi kifungo cha maisha. Bunge liliona watu hawa hawafanani. Pale kwenye benchi wote ni "majangili", na aliyeleta gunia yumo. Na fidia? Sheria hiyo hiyo inaahidi Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na kila mwananchi anajua fomu hizo husafiri polepole kiasi gani. Sitalifungua hilo leo. Nalitaja kwa sababu kijiji kinachosubiri fidia mwaka baada ya mwaka hakina hamu ya kumpigia askari simu usiku.

Ninachokuomba kinatekelezeka. Ukiibiwa simu hapa Nairobi, polisi wanakupa nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Unaweza kurudi nayo na kuuliza mambo yamefika wapi. Anayeleta habari ya mtego, nyayo au mzoga apewe nambari kama hiyo, na arudishiwe jibu hata kama jibu ni kwamba hakuna kilichopatikana. Kila kituo kiwe na orodha ya wazee wanaolijua eneo, na ofisa akihamishwa aikabidhi kama anavyokabidhi bunduki na funguo za gari. Na pale Manyani mnapofunza askari, leteni wafuata nyayo wachache kila kundi linapoingia, mwalipe kama mnavyomlipa mkufunzi mwingine yeyote. Wahenga walisema mchawi mpe mwana alee. Lifanyeni hilo mapema. Wanaojua kupima kisigino kwa kidole wanazidi kupungua, na vijana wao wanaendesha bodaboda Umoja na Kayole.

Kama kuna ofisa wa wizara anayetaka kuwasikia, wazee hawa huwa dukani kwangu siku za kliniki. Aje bila sare, na asianze kwa kuomba kitambulisho.

Wako mwaminifu,
Muuza vipuri, Barabara ya Landhies, Nairobi