YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA DAR ES SALAAM–NJOMBE NA MZIGO WANGU ULIOPELEKWA TUNDUMA

Buguruni, Dar es Salaam
14 Julai 2025

Meneja Uendeshaji,
Ofisi Kuu ya Mabasi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfumaji wa masweta ya shule. Karakana yangu iko Buguruni lakini wateja wangu wengi wako Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu anayoijua yeyote aliyewahi kulala Njombe mwezi wa Juni. Nimeanza kupanda mabasi yenu tangu yanaondokea Ubungo, kabla hatujahamia Mbezi, na mara nyingi mzigo wangu husafiri peke yake: naukabidhi ofisini kwenu, mteja anaupokea upande wa pili, maisha yanaendelea. Nalitaja hili mapema ili usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa kutafuta ugomvi.

Safari ninayoilalamikia ni ya mwezi uliopita. Ratiba yangu ilikuwa ya kubana, nakiri, lakini ilikuwa inawezekana kabisa. Basi lenu la saa 10 jioni kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, lingenifikisha Njombe alfajiri. Saa 5 asubuhi nilikuwa na kikao na kamati ya shule moja inayotaka kubadilisha sare. Mchana ningeondoka kwenda Mbeya, kesho yake asubuhi nikaonane na mwenye duka wa Mwanjelwa, jioni nigeuze. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena Oktoba 2023, wafanyabiashara wengi wadogo tunaishi hivi. Usiku unalala njiani, hela ya gesti inabaki mfukoni, na duka halifungwi siku mbili kwa ajili ya kikao cha saa moja.

Nilikata tiketi ya daraja la kati, siti mbili kwa mbili. Mzigo wangu ulikuwa salfeti moja yenye masweta ya sampuli, kila rangi na kila saizi, pamoja na kadi za nyuzi. Niliulipia shilingi 15,000, nikapewa risiti. Pande zote mbili za salfeti niliandika kwa maka peni nyeusi, herufi kubwa: jina langu, namba yangu ya simu, na neno NJOMBE. Naomba uikumbuke hiyo namba ya simu, kwa sababu malalamiko yangu karibu yote yako hapo.

Basi la saa 10 liliondoka saa 12 kasoro. Hilo nalipita. Foleni ya Kibaha nayo naipita, haikuletwa na kampuni yenu.

Tulipokaribia Mikese, kabla ya Morogoro, gari lilianza kutoa harufu ya mpira unaoungua, likasimama. Abiria tukashuka. Kondakta akatwambia ni mkanda, dakika ishirini tu. Sina ugomvi na mkanda, maana chuma ni chuma, kinakatika hata kwa mwenye gari jipya. Ugomvi wangu ni hizo dakika ishirini. Kila aliyeuliza alipewa dakika ishirini zilezile, kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 7, zikawa kama kanda inayojirudia. Pale pembeni kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga. Angeambiwa ukweli mapema kwamba gari jingine linatafutwa, angepanda gari la watu wengine waliosimama kutaka kutusaidia, nao walikuwepo. Alibaki kwa sababu ya dakika ishirini.

Gari la pili lilipofika lilikuwa la daraja la kawaida, siti tatu kwa mbili, na lilikuwa linakwenda Tunduma, mpakani. Sisi wa Njombe na Songea tukaambiwa tupande tu, mbele ya safari tutapangiwa gari. Mizigo ilihamishwa kutoka buti moja hadi jingine kwa tochi za simu. Nilisimama pale nikiangalia. Hapakuwa na karatasi wala orodha, hapakuwa na mtu anayesoma kilichoandikwa juu ya mzigo. Nilimwambia kijana aliyekuwa anapakia, "Mdogo wangu, hilo salfeti ni la Njombe, liweke mlangoni." Akanijibu, "Usijali mama, tunajua kazi yetu."

Nilikaa dirishani, na dirisha lilikuwa halifungi. Kioo kilikuwa kimekwama, kimeacha nafasi ya kupita mkono. Mpaka Mikumi nilivumilia, kwa sababu mle hifadhini gari linakwenda polepole na upepo si mkali. Tulipoanza kuukaribia mlima Kitonga nilishindwa. Kwenye mkoba wangu wa mkononi nilikuwa na sweta moja la sampuli, bluu iliyoiva yenye ukosi wa V na mistari miwili ya njano kiunoni, nililokuwa nimelichomoa Mbezi nikalirekebishe ribu ya mkono nikiwa safarini. Ni saizi ya kidato cha nne. Nikalivaa.

Hapa niwatendee haki. Dereva wa gari hilo la pili alikuwa dereva hasa. Kitonga usiku, malori yametangulia moja baada ya jingine yanapanda kwa kujikongoja, ukingo upande mmoja na bonde upande wa pili, na yeye hakujaribu kuovateki hata pale abiria walipoanza kumpigia kelele kwamba tumechelewa. Mkimpa barua ya pongezi nitafurahi, na mkiiweka kwenye faili moja na hii yangu itakuwa sawa tu.

Makambako tulifika saa 4 kasoro asubuhi. Wa Njombe na Songea tukashushwa njia panda. Nikaomba mzigo wangu. Buti likafunguliwa, kondakta akaangaza macho kwa sekunde chache, akasema salfeti langu liko ndani kabisa, chini ya mizigo ya Tunduma, na hawezi kushusha gari zima kwa ajili ya mtu mmoja. Akaniahidi mzigo utashushwa Mbeya na kurudishwa na gari la kwanza. Nikauliza gari letu la Njombe liko wapi. "Linakuja, dakika ishirini."

Nikakodi teksi kwa shilingi 80,000. Wenzangu wa Songea niliwaacha palepale.

Kikao nilikikuta bado. Mwalimu mkuu, Mungu ambariki, alikuwa amewabembeleza wanakamati wanywe chai ya pili. Nikaingia mikono mitupu, nimevaa sweta la mwanafunzi juu ya gauni. Nikawaeleza kilichonipata, wakacheka, mmoja akasema basi tuone hilo ulilovaa. Nikalivua mbele yao. Lilizunguka meza nzima. Wakavuta mikono, wakageuza ndani kuangalia mishono, mzee mmoja akalisogeza dirishani aone kama linapitisha mwanga. Wakaagiza. Kwa hiyo, ndugu Meneja, dirisha lenu bovu limeniletea oda, na nimeona ni haki mlijue hilo pia. Lakini waliagiza rangi moja tu, ile waliyoiona. Masweta ya michezo na yale ya darasa la awali walisema tutazungumza muhula ujao, kwa sababu sampuli zake zilikuwa zinaelekea mpakani.

Mchana nikaondoka kwenda Mbeya. Ofisi yenu ya Nanenane nilifika giza limeshaingia. Dada wa kaunta alipiga simu mbele yangu, akaniambia mzigo uko Tunduma, utapakiwa na gari la asubuhi, saa 3 utakuwa hapa. Saa 3 nilikuwa hapo. Akapiga tena: uko njiani. Saa 5: uko njiani. Mwenye duka wa Mwanjelwa alinipigia mwenyewe kuuliza kama bado naja. Nilikwenda kumwona nikiwa na lile sweta moja na picha za simu. Aliniambia jambo ambalo hata mimi ningelisema kama ningekuwa yeye: rangi ya kwenye simu si rangi ya uzi, na yeye amewahi kuletewa kijani isiyofanana na sketi za shule, mzigo ukamlalia dukani. Oda yake akampa mtu mwingine. Ilikuwa oda kubwa kuliko ya Njombe.

Mchana huo nilipanda kosta kwenda Tunduma mwenyewe. Foleni ya malori ilianza mbali kabla ya mji, tukatambaa nayo. Niliingia kwenye ofisi yenu ya pale, na naomba nieleze kwa makini nilichokikuta. Kijana wa mizigo alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, anakula chipsi mayai, na alichokalia kilikuwa salfeti langu. Maandishi yalikuwa yameelekea mlangoni. Namba yangu ya simu niliisoma tangu nikiwa nje barazani, katikati ya miguu yake. Yule dada wa Mbeya aliyekuwa akiambiwa "uko njiani" alikuwa akiambiwa na mtu aliyeukalia.

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia. Akasema, "Mama, sisi hatupigi, mwenye mzigo ndiye anayepiga." Kisha akaniomba shilingi 5,000 ya stoo, kwa kuwa mzigo ulilala. Nilitoa. Nilikuwa nimechoka, na gari la kurudi lilikuwa linapiga honi. Risiti sikupewa.

Masweta yalikuwa mazima, hakuna lililopungua, na sitadai yaliharibika wakati hayakuharibika.

Sasa madai yangu.

Tiketi yenu inasema kwa maandishi madogo kwamba kampuni haitahusika na mizigo ya abiria. Sawa, kama ni mkoba nilioubeba mwenyewe. Lakini mzigo huu nimeulipia peke yake, kwa risiti ya peke yake. Kama hamhusiki nao, ile 15,000 ilikuwa ya nini? Naomba nirudishiwe, maana kazi niliyoilipia ilikuwa kuufikisha Njombe, na Njombe haukuwahi kufika.

Pili, tofauti ya nauli. Nauli za kikomo za LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, zilizoanza kutumika Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Kutoka Mikese hadi Makambako ni kama kilomita 500, na kipande hicho chote mlinipakia daraja la kawaida hali nimelipia la kati. Ni kama shilingi 10,000. Najua ni ndogo. Ila lile basi lilikuwa na abiria wengi, na kila mmoja anawadai kiasi chake, isipokuwa hawajaandika barua.

Tatu, 80,000 ya teksi ya Makambako, kwa sababu tiketi yangu ilisema Njombe na nyinyi mkanishusha njia panda. Nne, nauli ya kwenda na kurudi Tunduma pamoja na hiyo 5,000 ya stoo. Oda ya Mwanjelwa siidai, kwa kuwa sina karatasi ya kuithibitisha. Nimeiandika hapa ili mjue "uko njiani" iligharimu kiasi gani.

Mbali na fedha, nataka jibu la maandishi kwa swali moja: gari linapoharibika na mizigo ikahamishwa, ni nani katika kampuni yenu mwenye jukumu la kuhakikisha mzigo wa Njombe haupelekwi Tunduma? Kama yupo, alikuwa wapi? Kama hayupo, mnapokea hela ya mizigo kwa msingi gani? Daftari la shilingi elfu mbili na kalamu vingetosha usiku ule pale Mikese. Na kijana wa Tunduma asiwaambie wateja "hatupigi". Apewe vocha, asome namba iliyo mbele yake, apige.

Nimewahi kupiga simu ofisini kwenu kuhusu jambo hili na nimezungushwa vya kutosha, ndiyo maana naandika. Naomba majibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipoyapata, nitaipeleka LATRA na kwenye baraza lake la watumiaji wa huduma, pamoja na vielelezo vyote.

Kwa kuwa oda ya Njombe inatakiwa kufika mwezi ujao, mjue pia kwamba nimeshamtafuta msafirishaji mwingine wa kuipeleka.

Wenu mteja,

Mfumaji wa masweta, Buguruni
(jina, sahihi na namba ya simu viko kwenye nakala ya ofisi, namba ni ileile iliyoandikwa kwenye salfeti)

Viambatanisho: tiketi, risiti ya mzigo, risiti ya teksi, picha ya salfeti likiwa nyuma ya kaunta, Tunduma.