Nikikaa ni mzima, nikisimama ni mgonjwa: mama mkwe nimweleze vipi?

Anti, shikamoo. Wasomaji wenzangu nanyi nawasalimu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 36 na watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Wiki tatu yuko njiani, siku nne yuko nyumbani. Kwa hiyo ninayeishi naye hasa ni mama mkwe. Niseme mapema kwamba ni mtu mwema, asije mtu akanijibu "hama". Wanangu amenilelea yeye.

Ugonjwa wangu nikiwa nimekaa hauonekani. Nikisimama, hasa alfajiri, au nikiinuka chooni (choo chetu ni cha kuchuchumaa), macho yanaingia giza kuanzia pembeni, masikio yanavuma kama bomba lililofunguliwa, na moyo unakwenda mbio mpaka nausikia shingoni. Nikikaa dakika mbili, yameisha. Ndiyo maana karibu mwaka mzima nilizunguka bila jibu. Unafika, unakaa benchi saa nzima, unaitwa, unakaa kitini, unafungwa mpira wa presha mkononi: 112 kwa 70. "Mwalimu, presha yako ya msichana." Nilipewa dawa ya malaria, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, na siku moja nikaulizwa kama nina ugomvi na mume wangu. Mume mwenyewe yuko Tunduma!

Aliyeujua ugonjwa ni daktari mmoja kijana, na alichofanya ni kitu kidogo tu. Alinilaza dakika tano, akapima: 114 kwa 72, mapigo 78. Akanisimamisha, akapima tena. Dakika ya tatu ilikuwa 86 kwa 58, mapigo 126, na kijasho kinanitoka juu ya mdomo. Alinikalisha hata sijaomba. Akanieleza kwamba mtu yeyote akisimama damu huteremkia miguuni na tumboni, na mishipa inatakiwa ijibane papo hapo iirudishe juu. Yangu inachelewa, basi moyo unakimbia kufidia. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo ni presha ya kushuka hata kama ukikaa iko sawa. Nilipimwa sukari, figo, tezi ya shingoni na umeme wa moyo, vyote vizuri. Damu ilikuwa chini kidogo. Ilipanda, kizunguzungu kikabaki.

Masharti niliyopewa ni haya: maji yasipungue lita mbili na nusu kwa siku, na bilauri mbili ninywe kwa mkupuo kabla sijatoka kitandani. Nikae kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo nisimame. Nikilazimika kusimama mahali pamoja, nipishanishe miguu na kukaza mapaja. Kuna soksi za kubana mpaka kiunoni, ambazo kwa joto la Tanga na baibui juu yake nimezivaa mara mbili. Halafu chumvi. Kwa kuwa figo zangu ni nzima na sina presha ya kupanda, aliniambia niongeze nusu kijiko cha chai kwa siku.

Hapo ndipo nyumba ilipoingia moto.

Baba mkwe alifariki kwa kiharusi. Mama mwenyewe anameza dawa ya presha kila asubuhi, na kwetu mchuzi hupikwa bila chumvi. Kopo la chumvi liko juu ya kabati, nyuma ya madebe. Nikawa natembea na yangu kwenye kichupa cha dawa ndani ya mkoba, nanyunyizia wali akiangalia pembeni. Siku alipokiona alikifungua, akaonja kwa ncha ya kidole, akaniangalia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kwa hiyo unataka kuniachia watoto?" Tangu siku hiyo nakula shuleni.

Shuleni nako kuna yangu. Mstarini asubuhi, kusimama kimya bila kusogea ndiko kunakoniangusha, kutembea darasani hakunisumbui hata kidogo. Nilipoomba kiti, walimu wenzangu wakaanza kuulizana mimba ina miezi mingapi. Hilo nimelizoea, sasa linanichekesha.

Linalonitia hofu ni Ramadhani. Mwaka jana sikumwambia mtu, nikafunga. Siku ya nne, baada ya alasiri, nilikuwa jikoni nakoroga uji wa futari, joto la mkaa linanipanda usoni. Niliona giza linakuja na nikalijua, lakini mwiko ulikuwa mkononi na mwanangu mdogo alikuwa nyuma yangu, nikajikaza. Nilizinduka niko sakafuni, uji umenimwagikia mkono wa kushoto kuanzia kiwiko. Mtoto hakuguswa, alhamdulillahi. Mama mkwe aliniletea kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa, ninywe, akawaambia majirani nina mashetani. Kovu lipo mpaka leo.

Daktari amesema mwaka huu nisifunge. Shehe wa msikiti wetu naye kasema mgonjwa ana ruhusa yake, na kama maradhi hayaponi nitoe fidia kwa kulisha masikini. Kwa Mungu, basi, sina wasiwasi. Wasiwasi ni kukaa mezani saa sita mchana na chupa ya maji mbele ya mwanamke wa miaka 68 mwenye presha ambaye amefunga, mimi nikionekana mzima kabisa kwa sababu nimekaa! Tayari ananitazama ninaposwali kwenye kiti. Kuinuka kutoka sijda siwezi tena, na yeye bado anaweza.

Nimepata wazo moja. Mama ana mashine yake ya kupima presha, aliyonunuliwa na mwanawe, na anaiamini kuliko daktari yeyote. Nafikiria nimwombe anipime yeye mwenyewe, kwanza nikiwa nimelala, kisha nimesimama, azione namba kwa macho yake. Lakini ugonjwa huu hauna adabu. Kuna siku presha inashuka vibaya, kuna siku haishuki kabisa, hasa jioni. Ikitokea siku hiyo haijashuka, nitakuwa nimejimaliza mwenyewe. Na ikishuka sana, naogopa kumpandisha yake.

Mume wangu anarudi Alhamisi. Anti, nimwombe mama anipime kwa mashine hiyo, alfajiri kabla sijanywa maji, au nimwachie mwanawe aseme? Na kama kuna msomaji mwenye presha ya kushuka anayeishi nyumba moja na mwenye presha ya kupanda, naomba anieleze: kopo la chumvi kwenu linakaa wapi?

Mwalimu, Tanga