Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Nyumba za Punguzo la Kodi Hapa Lewiston

Ndugu wanachama,

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana neno "kodi" limetuchanganya mwaka mzima. Humu, kodi ni ile inayokwenda serikalini. Fedha anayolipwa mwenye nyumba naiita pango. Nyumba hizi za pango nafuu huitwa za punguzo la kodi kutokana na fedha zilizozijenga. Mpangaji mwenyewe hapunguziwi kodi yoyote.

Sheria yake ni ya mwaka 1986. Serikali kuu ya Marekani huipa kila jimbo fungu la punguzo, na kwa jimbo letu la Maine mgawaji ni MaineHousing, shirika la nyumba la jimbo. Tuseme gharama za jengo zinazokubalika ni dola 8,000,000. Kwa punguzo la asilimia 9, mjenzi hupata punguzo la kodi la dola 720,000 kila mwaka kwa miaka 10, yaani 7,200,000. Haki ya punguzo hilo humwendea mwekezaji, mara nyingi benki. Akiilipia senti 85 kwa kila dola, zinaingia dola 6,120,000 za ujenzi ambazo si mkopo. Deni la jengo likiwa dogo, pango nalo linawezekana kuwa dogo.

Lakini masharti ya kipato na pango yakivunjwa ndani ya miaka 15 ya kwanza, mamlaka ya kodi inaweza kudai sehemu ya punguzo irudishwe. Ndiyo sababu meneja hukuomba hati ileile mara mbili. Jalada lenye pengo humgharimu mwenye jengo, naye huona afadhali kukukatalia kuliko kubahatisha.

Jambo lililowaumiza wengi ni hili: pango la nyumba hizi halifuati mshahara wako. Hukokotolewa kutokana na kiwango cha kipato cha eneo zima. Kwa mfano, kiwango cha asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo kwa familia ya watu 3 kikiwa dola 48,000, nyumba ya vyumba 2 vya kulala hutozwa kwa kipimo cha asilimia 30 yake: dola 14,400 kwa mwaka, au 1,200 kwa mwezi. Toa makadirio ya umeme na joto unayolipa mwenyewe, tuseme 150, zinabaki 1,050. Hicho ndicho kikomo. Ukipunguziwa saa kazini, kikomo hakishuki pamoja nawe. Kiwango cha eneo kikipanda, mwenye nyumba anaweza kupandisha pango hata kama mshahara wako umesimama palepale. Anayehitaji pango linalofuata kipato aombe pia vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia sehemu ya pango. Sheria inakataza nyumba hizi kumkataa mtu kwa sababu tu ana vocha.

Kwenye fomu ya kuomba nyumba, kosa kubwa ni hesabu ya mshahara. Andikeni kipato kabla ya makato. Anayelipwa kila wiki azidishe kwa 52, kila wiki mbili kwa 26, mara mbili kwa mwezi kwa 24. Ukizidisha wiki kwa 4 kisha kwa 12, umeacha wiki 4 nje, na meneja akipata barua ya mwajiri utaonekana umeficha. Saa za ziada zinahesabiwa. Fedha mnazotuma nyumbani Bukavu au Bujumbura hazitolewi. Mnazopokea kutoka kwa ndugu kila mwezi zinaingia. Mshahara wa mtoto chini ya miaka 18 hauhesabiwi.

Kuhusu wanafunzi: nyumba ambayo kila mkaazi anasoma muda wote kwa miezi 5 ya mwaka hukataliwa, na watoto wa shule ya msingi nao ni wanafunzi. Hata hivyo sheria ina misamaha, ukiwemo wa mzazi asiye na mwenza anayeishi na watoto wake, mradi yeye si tegemezi wa mtu mwingine, na watoto si tegemezi wa mtu mwingine asiyekuwa mzazi wao. Akina mama wanaosoma chuoni msiondoke dirishani kabla ya kuutaja msamaha huo.

Kwa nini majengo haya ni machache kwetu? Vikomo vya pango vya Lewiston na Auburn hupangwa kando na vya Portland, navyo ni vya chini kwa kuwa vipato vyetu ni vya chini. Mbao, mabomba na mafundi havijui mipaka hiyo. Pengo linabaki, na lazima fedha nyingine zilizibe. Ruzuku ya dola milioni 30 iliyotolewa 2021 kwa mtaa wa Tree Streets hapa Lewiston ni ya aina hiyo, nasi tuna haki ya kuipigania, maana watoto wetu ndio wanaokaa kwenye nyumba kongwe zenye rangi iliyo na sumu ya madini ya risasi.

Kuanzia 2026 fungu la asilimia 9 linaongezwa kwa asilimia 12. Kwa punguzo la aina ya pili, la asilimia 4, sharti la kugharimia nusu ya jengo na ardhi kwa hatifungani zisizotozwa kodi linashuka hadi robo. Maombi ya wajenzi yataongezeka. MaineHousing hupokea maoni ya wananchi inapotengeneza mpango wake wa ugawaji, na kamati itapeleka mawili: nyumba za vyumba 3 na 4, na fomu za Kiswahili na Kifaransa.

Mwenye barua ya kufukuzwa ailete siku aliyoipokea. Katika nyumba hizi, kumtoa mpangaji au kukataa kumwongezea mkataba kunahitaji sababu halali, na mkataba kuisha tu si sababu.