Shemeji, kabla hujapanda darini

Shemeji, salamu nyingi.

Dada ameniambia Jumamosi unapanda darini kukomba kinyesi cha popo ukakimwage kwenye migomba. Mbolea ile ni nzuri, sikatai. Nakuandikia hadharani kwa sababu nyumba zenye popo darini ziko nyingi.

Kwenye kinyesi cha popo cha siku nyingi, hata kwenye banda la kuku lililochakaa, huweza kuota fangasi aitwaye Histoplasma capsulatum. Huko nje ni ukungu tu: nyuzinyuzi nyembamba zenye mbegu ndogo mno, zinazoweza kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Ukifagia kikavu unazitimua na kuzivuta. Zikishafika kifuani zinakuta joto la nyuzijoto 37, na hapo ndipo mambo hubadilika. Ukungu unageuka vijiduara vinavyochipua kama hamira. Seli za kinga huvimeza ili ziviue, kumbe vinaishi humohumo na kuzaliana.

Bila kugeuka hivyo hana ubavu. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba jeni moja, DRK1, ikizimwa, fangasi hubaki ukungu hata kwenye joto la mwili, na makali yake kwa panya hupotea.

Sura hizo mbili zilimchanganya hata daktari Samuel Darling. Mwaka 1905 huko Panama, enzi za kuchimba mfereji, alipasua maiti ya kibarua kutoka Martinique akidhani aliuawa na kifua kikuu. Akakuta vijiduara, akavihesabu kuwa vimelea wa jamii ya wale wa kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi. Fangasi hakumwazia kabisa, na angemwaziaje, kama mwilini hakuna uzi hata mmoja? Ilikuwa 1934 ndipo mtafiti DeMonbreun alipomwotesha fangasi huyo maabara, akapata ukungu.

Hadi leo ugonjwa huu hudhaniwa TB, na dawa za TB haziuponyi. Wengi wenye afya hupata mafua tu, au hawahisi chochote. Wenye kinga dhaifu ndio huumia zaidi.

Basi lowesha kinyesi kwanza, usifagie kikavu. Vaa barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo sana; ya kitambaa iache. Watoto wakae mbali. Na mtoe dada hofu: hata ukiugua hutamwambukiza kwa kukohoa, maana mwilini fangasi huyu hatoi zile mbegu zinazopeperuka.